Masale Nyuma ya Banda

Jumatatu, 5 Agosti 1974

Nimeshinda nachonga penseli. Saruji hakuna hata ya kujengea choo, sasa sisi wachoraji tuchore nini? Zahanati niliyoichora kabla ya masika bado imelala kwenye droo. Chai bila sukari. Baridi. Mlima umejifunika tangu asubuhi.

Mchana Mkuu wa ofisi akaniita. Kuna mgeni rasmi anatoka Dar kuja kufungua bomba la maji kule Uru, mwisho wa mwezi huu. Akute banda la kukalia, yeye na msafara wake na wazee wa kata. Bati hakuna, misumari hakuna. "Kandidi, wewe una maneno mengi juu ya majengo. Haya, jenga kwa maneno."

Sikufikiri mara mbili. Nikamwambia: nyasi, miti, kamba za migomba. Banda lisilokata mgomba wala mbuni hata mmoja. Mtu akipita barabarani asilione mpaka awe ameingia ndani yake. Miaka yote nimekuwa nikisema kwamba jengo liingie mahali kama mtu mwenye adabu anavyoingia kwa watu, na miaka yote nimechekwa. Leo uhaba umenipa haki. Mkuu akajikuna kidevu, akasema chora.

Nilikwisha kushika kitasa cha mlango aliponiambia ni wapi. Kihamba cha ukoo wetu, shamba letu la urithi. Pale kwenye uwanja, chini kidogo ya nyumba ya mama. Baba mkubwa amekwisha kutoa ruhusa.

Furaha ikaniishia mlangoni. Sitaandika kwa nini.

Nitaandika, nani atasoma? Mama yangu anaishi kwenye nyumba ya nyasi na ng'ombe wake, na hapa ofisini hakuna anayejua.

Jumatano, 7 Agosti

Nimepanda Uru na Katibu Kata. Mtu wa Same, mgeni kwenye kata hii, anakaa mjini. Mwepesi wa kucheka, mwepesi wa kuamuru. Anatembea akihesabu kwa sauti mambo ambayo hayajafanyika.

Mahali penyewe ni pazuri kuliko nilivyopakumbuka. Uwanja unateremka taratibu mpaka barabarani, migomba pande mbili, mti mmoja mkubwa wa mringaringa kwenye kona, mfongo, mfereji wa maji wa wazee, unapita juu na maji yake yanasikika ukinyamaza. Paa nitalishusha lifuate mteremko. Nilisimama nikaliona zima, limekwisha, kabla ya kufungua kamba ya kupimia.

Katibu akanyoosha kidole. "Na kile kibanda je? Kile cha majani kule juu. Mgeni anakuja kuona maendeleo, ndugu yangu, sio vitu vya enzi za machifu."

Wakati huohuo mama akatoka, ungo wa majivu mkononi. Akaniona. Akanipungia mkono wote, mpaka khanga ikamtoka begani. Mimi nikainama nikasoma kamba.

"Anakufahamu yule bibi?"

"Huku wote tunafahamiana," nikasema.

Ndivyo nilivyosema. Nikaendelea kupima. Baadaye Katibu alipotangulia kwenye gari ningeweza kukimbia juu kumsalimia, ni hatua chache tu. Sikwenda. Nimefika nyumbani nimekosa hamu ya kula.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimepanda peke yangu, kwa miguu, ili nipime nyumba ya mama. Ndiyo, ndiyo ninayoichukua kuwa mfano wa banda. Siibi kwa mtu.

Nilimsalimia, akaitikia bila kinyongo. Juu ya Jumatano hakusema neno. Labda alidhani sikumwona. Niliposhika kamba na kuanza kuzunguka nyumba alicheka mpaka akakaa chini. Akaniuliza kama mjini wamenisahaulisha nyumba niliyozaliwa hata niende kuisoma kwa kamba. Kisha akaishika ncha ya pili yeye mwenyewe, tukapima pamoja, yeye akicheka bado.

Ile nyumba ya bati niliyomjengea ipo palepale kando. Ndani ana mbuzi na magunia ya kahawa. Anasema bati linampigia kelele mvua ikinyesha, na usiku linamnyima joto. Nilikopa na kujinyima kwa ajili ya lile bati. Watu wa ukoo wanapita wanaona: mwana anachorea serikali, mama analala na ng'ombe. Nimemkasirikia kwa jambo hili muda mrefu. Leo pia nilimkasirikia kidogo, huku nikiandika vipimo vya paa lake.

Amefurahi sana kusikia banda litakuwa la nyasi. Atatoa nyasi zake alizokata kwa ajili ya kuezekea kwake. Kwake atasubiri mwakani, anasema, paa bado halivuji.

Jumanne, 13 Agosti

Siku njema ya kazi. Sijawahi kuchora hivi. Nguzo za mringaringa zisizochongwa, zibaki na maganda yake. Paa la nyasi, chini yake majani makavu ya migomba yaliyopangwa kwa unene, rangi ileile ya migomba inayolizunguka. Sakafu ya udongo uliopondwa, inashuka kwa ngazi pana kama mteremko unavyotaka. Upande wa kaskazini wazi, mlima ukifunguka mgeni auone akiwa amekaa. Hakuna ukuta hata mmoja.

Nilitaka paa liwe chini, mtu ainame kidogo kuingia, kama kwetu. Mkuu akakataa. Kiongozi hainamishwi. Nimelipandisha.

Mke wangu Restituta ameuona mchoro mezani. Yeye ni mtu wa Songea, lakini macho anayo. Akasema, "Umemchora mama." Nikamwambia ni mtindo wa kienyeji tu. Akaniangalia, akaenda kupika.

Ijumaa, 16 Agosti

Katibu amekuja ofisini. Ameusifu mchoro, halafu akarudi palepale kwenye kibanda. Watakuja na mpiga picha. Kikionekana kwenye picha itakuwa aibu kwa kata nzima. Anapendekeza kivunjwe, bibi ahamishiwe kwa ndugu zake kwa muda, kisha ajengewe kingine. Mkuu akageuka kwangu. "Wewe unapafahamu. Unasemaje?"

Neno lilikuwa fupi. Nyumba ya mama. Lilifika kwenye ulimi. Nikawaona jinsi watakavyoniangalia, kwanza kwa mshangao, halafu kwa ile huruma inayocheka. Fundi mchoraji wa serikali.

"Hakuna haja ya kuvunja," nikasema. "Nitakificha kwa kijani. Nitapanda ukuta wa mimea nyuma ya banda, kionekane ni sehemu ya bustani."

Wakafurahi. Katibu akanipiga bega. Nami, Mungu anisamehe, nilitembea nyumbani kifua mbele. Nimeiokoa nyumba ya mama, nilijiambia. Njia nzima nilijiambia hivyo. Nilipofika kwenye reli nikajiuliza kama nimemwokoa yeye au nimejiokoa mimi.

Jumatatu, 19 Agosti

Nguzo zimesimama. Watu wa kijiji wako kwenye kuchuma kahawa, hawapatikani. Nimeletewa vibarua kutoka chini, kwenye mashamba ya miwa. Watu wa Singida, Kigoma, Iringa. Wanafanya kazi kwa nguvu na wanaimba. Hakuna anayemjua mama yangu. Nilifarijika kwa hilo, na kufarijika kwenyewe kukanichefua.

Mama hayuko. Shemeji yake kule Masama amefariki, amekwenda matangani na atarudi mwisho wa juma. Kabla ya kuondoka alipitia uwanjani kuniaga. Alikuta nazungumza na Katibu. Nilimwambia "shikamoo mama" kama mtu anavyomwamkia mama yeyote, kwa Kiswahili, nikarudisha macho kwenye kazi. Akaitikia marahaba. Akasimama kidogo. Halafu akajitwika kikapu chake akaenda.

Alhamisi, 22 Agosti

Ukuta wa kijani umekamilika.

Nilizunguka kutafuta mmea mrefu, mnene, unaovumilia kuhamishwa. Nikaupata hapahapa Moshi, kwenye bustani ya nyumba moja ya zamani ya serikali: masale, yamepandwa kwenye kitalu cha maua, yamepita kimo cha mtu. Mtunza bustani akasema tuchukue tu, yanamzibia waridi. Tumeyang'oa na udongo wake, tumeyapakia kwenye lori, tumeyapanda kwa safu moja iliyonyooka kutoka mfongo mpaka kwenye mpaka wa baba mkubwa. Tumeyamwagilia maji ya mfongo.

Nilikwenda kukaa pale atakapokaa mgeni. Sikuona nyumba. Niliona kijani kibichi kinachong'aa, nyuma yake migomba, nyuma yake mawingu. Vibarua wakapiga makofi. Ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyopata kuvifanya.

Baba mkubwa alipita jioni. Akasimama kwenye kona ya safu, mikono yote miwili juu ya fimbo. Nilimwamkia. Hakuitikia. Nilidhani hakusikia, masikio yake siku hizi si mazuri. Aliiangalia safu kutoka mwanzo hadi mwisho, akaenda zake.

Jumamosi, 24 Agosti

Siwezi kuandika vizuri leo.

Nilikuwa juu ya paa nafunga kamba. Mama alirudi kutoka Masama kwa njia ya chini, ile anayopita siku zote, inayokatiza uwanjani kwenda mlangoni kwake. Kikapu kichwani. Alipita kando ya banda akilitazama na kutabasamu. Nilimwona akitabasamu. Halafu akafika kwenye masale.

Palikuwa na nafasi ya kupita. Niliiacha makusudi kwa ajili yake, pana ya kutosha. Hakupita. Alisimama mbele yake muda. Akayatazama yalivyonyooka. Kisha akageuka, akashuka tena mpaka barabarani, akazunguka kihamba chote kwa njia ya mfongo, njia ya utelezi, na mzigo wake kichwani, akaingia kwake kwa nyuma.

Nikiwa pale juu ndipo nilipoona nimefanya nini. Kwetu masale ni mpaka. Ukipanda safu ya masale umesema mbele ya ukoo, walio hai na waliolala: huku kwangu, kule kwako. Huvuki bila ruhusa. Hung'oi. Anayeng'oa masale ya mpaka anajitafutia balaa, na hakuna mtu wa huku atakayemshikia jembe.

Mimi ni kitinda mimba. Kihamba cha marehemu baba ni changu kwa desturi, na mama ni wa kutunzwa ndani yake mpaka mwisho wake. Nimempandia mpaka akiwa hai. Nimempandia akiwa matangani.

Si kwamba sikujua. Nilijua kabla sijajua kusoma. Mjini nimezoea kuyaona kwenye bustani, nikayatazama kwa jicho la karatasi: urefu, rangi, unene. Nilitaka kitu cha kumficha, nikachagua kile kinachomtenga.

Jumapili, 25 Agosti

Baada ya misa nilimfuata baba mkubwa nyumbani kwake. Hakunikaribisha kukaa. Alizungumza taratibu, mbele ya wajukuu zake, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Umegawa kihamba cha ndugu yangu. Mke wake angali hai, unamwona anakula."

Nikasema ni mapambo, baba mkubwa, ni kwa ajili ya sherehe tu.

"Ni mapambo huko Moshi. Yakivuka kuja huku si mapambo tena. Nani asiyejua hapa? Wale watu wa miwa ndio hawajui. Wewe unajua."

Nikamwomba ruhusa niyang'oe leo leo. Akasema hayang'olewi kwa haraka kama magugu. Ukoo utakaa kahawa ikiisha, mama atasemewa na atasema, ndipo itaamuliwa. Halafu akaniuliza swali moja: nilikuwa namficha nani asionekane na nani?

Nilisema sijui. Nikaondoka bila kunywa hata maji.

Ukweli ni huu. Hata kama angeniruhusu, nisingeyang'oa. Mgeni anakuja Jumatano. Ningemwambia nini Katibu? Nilimwomba ruhusa huku nikiomba anikatalie.

Jumatano, 28 Agosti

Imepita.

Mlima ulifunguka asubuhi, kana kwamba umeagizwa. Watoto wa shule, ngoma, kwaya ya kina mama. Bomba lilifunguliwa, maji yakatoka kwa kelele, watu wakashangilia kwa dhati kabisa. Mama zetu wamechota mfongoni maisha yao yote. Kwa hilo sina aibu.

Mgeni rasmi ni mtu mtaratibu, mvi, miwani. Alipoingia kwenye banda aligusa nguzo. Akatazama juu, namna majani yalivyopangwa. Akauliza nani amelichora. Mkuu akanisukuma mbele. Mgeni akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akasema hajaona jengo la serikali lililokaa mahali pake hivi. Huku ndiko kujitegemea kwenyewe, akasema, sio maneno.

Halafu akauliza. Wazee wenu walijenga hivi? Nikasema ndiyo. Akasema angependa sana kuiona nyumba moja ya kweli, kabla hajashuka. Ipo yoyote karibu?

Wote walikuwa wananitazama. Katibu alinitolea macho. Wazee wa ukoo walikuwa kwenye benchi, baba mkubwa katikati yao, na wao hawakunitazama. Walitazama chini.

"Zimekwisha, Ndugu," nikasema. "Za namna hiyo huku zimekwisha."

Hapo ng'ombe wa mama akalia. Karibu sana, nyuma tu ya masale, sauti nzito ya mnyama aliye ndani ya nyumba. Mgeni akageuka. Katibu akacheka haraka akasema ng'ombe wa jirani anataka naye kuhutubia. Watu wa Dar wakacheka. Nami nikacheka. Kisha nikasikia kikohozi. Ninakijua kikohozi kile kuliko sauti yangu mwenyewe. Alikuwa amesimama palepale upande wake, kimya, anasikiliza sherehe iliyo kwenye uwanja wake.

Wamekula ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma. Sikumeza kitu. Katibu ameniita fundi wa mafundi.

Alhamisi, 29 Agosti

Ofisini wamesimama kunipongeza. Mkuu anasema natakiwa nichore mabanda kama lile kwa wilaya nyingine. Nilisema asante. Nilikwenda uani, nikasimama nyuma ya stoo mpaka waliponitafuta.

Nimemweleza Restituta yote. Sikuacha kitu. Nilitaka anitukane. Aliuliza tu kama mama amekula jana, na nani alimpelekea nyama. Sikujua. Hakuna niliyemtuma.

Jumapili, 1 Septemba

Nimekwenda kwa mama.

Nilipita njia ya mfongo kama yeye. Nilikuta anapepeta mahindi mlangoni. Nilimsalimia kwa Kichagga. Akanijibu kwa Kiswahili. "Karibu mgeni. Karibu sana." Kiswahili chake cha kanisani, safi, cha pole. Aliingia ndani akaniletea mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye glasi, ile anayomwekea padre. Hajapata kunipa mbege kwenye glasi. Mimi nakunywa kwenye kata ya kibuyu, baada yake, tangu nimejua kunywa.

Nikapiga magoti pale uani. Nikaanza kusema. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kupepeta. Niliposema nilisahau maana ya masale, akasimamisha ungo.

"Masale ulisahau. Haya, mtu husahau. Na pale uliposema zimekwisha, ulisahau nini?"

Akaniambia nisiache glasi uani, kuku wataivunja.

Jumanne, 3 Septemba

Mwandishi wa gazeti amekuja ofisini, kijana mwenye kamera shingoni. Anataka kuandika juu ya banda na asili yake. Akauliza kama kweli hakuna nyumba ya zamani iliyobaki. Mkuu akaanza kusema zimekwisha. Alirudia maneno yangu.

Nikamkata. "Ipo moja. Nyuma ya banda. Ni ya mama yangu. Anaishi humo, nami nilizaliwa humo."

Mkuu akavua miwani. Akasema, "Kile Katibu alichotaka kivunjwe?" Nikasema hichohicho. Hakunicheka. Alionekana mtu aliyechoka, akasema ningemwambia, Kandidi, mbona ningeelewa.

Nimerudi nyumbani mwepesi. Nimekula sahani mbili. Jumamosi nampeleka mwandishi kwa mama. Nchi nzima itamwona kwenye mlango wake. Naona hili litaponya.

Jumamosi, 7 Septemba

Mimi ni mjinga wa hali ya juu.

Tulifika mapema, mwanga mzuri, mwandishi akafurahi kama mtoto. Aliipenda nyumba. Alizunguka akisema "angalia, angalia". Mama akatoka. Nikamwambia, kwa sauti ya kujidai, naisikia hata sasa, kwamba mwandishi huyu ametoka mbali, nimemwambia hii ni nyumba ya mama yangu, anataka picha yake.

Alimwamkia kijana kwa heshima zote. Akamwuliza habari za nyumbani kwao na kama amekunywa chai. Halafu akanigeukia mimi, kwa Kichagga, polepole ili nisikie kila neno.

"Juzi ulinificha kwa sababu yako. Leo unanionyesha kwa sababu yako. Mimi niliye humu ndani, nani ameniuliza?"

Akaingia. Akaweka kizuizi cha mlango, mchana kweupe, na ng'ombe hajala.

Kijana alibaki na kamera mkononi. Aliuliza bibi amesema nini. Ningeweza kumdanganya, anaumwa, ana haya, watu wa zamani wanaogopa kamera. Maneno yote hayo yalikuja, yamejipanga. Nikamwambia: "Amekataa. Nilimkosea, na sikumwuliza. Twende."

Hakuipiga picha nyumba. Ni kijana mwema. Alipokuwa anashuka akapiga picha ya masale, akasema ua zuri sana hili, nani amelipanda? Nikasema mimi.

Jumatano, 11 Septemba

Nimemwomba Mkuu asinipe mabanda ya wilaya nyingine kwa sasa. Akasema wazimu. Nikasema nitachora, lakini kwanza niende nikaulize wenyeji wa kila mahali, siku nzima, bila kamba. Akasema hakuna posho ya kuuliza. Tumeachia hapo.

Restituta alipanda Uru jana bila kuniambia, na kilo ya nyama na chumvi. Amerudi leo. Amesema mama hajambo. Zaidi ya hapo hakusema, na mimi sikumchimba. Nimeona wivu. Mke wangu wa Songea anavuka pale nisipovuka.

Jumapili, 15 Septemba

Masale yameshika. Yana majani mapya, laini. Ukoo haujakaa, kahawa bado nyingi, na baba mkubwa anasema mama ameombwa neno mara moja akasema hana haraka. Banda limeachiwa kina mama wa kata, wanasukia mikeka humo. Nyasi zimeanza kupoteza rangi ya upya. Ukiwa barabarani sasa huoni kitu kabisa, kama nilivyotaka.

Nimezunguka kwa njia ya mfongo. Nimeteleza mara moja nikachafua suruali ya kanisani. Mlango ulikuwa wazi. Niliinama, nikaingia.

Ndani moshi, joto, ng'ombe anatafuna. Mama alikuwa kwenye mafiga na beseni la ndizi. Sikusema kitu, maana kila nililosema mwezi huu limekuwa baya. Nilisimama gizani macho yangu yazoee.

Kwetu kila mtu ana mahali pake. Watu wa nyumbani hukaa ndani, karibu na moto. Mgeni hukaa kwenye kigoda cha mlangoni, akae kwenye hewa, asione kilichopikwa mpaka kiive. Na mgeni hapewi kazi hata kama kuna mzigo wa kuua.

Alininyooshea mkono kwenye kigoda cha mlangoni. Nikakaa.

Baada ya muda akasogeza beseni kwa mguu mpaka mbele yangu. Akaweka kisu juu ya ndizi, hakunitazama, akageukia chungu chake. Nikachukua ya kwanza nikaanza kumenya. Zilikuwa nyingi. Nimemenya zote.